Diski Iliyohamia Chumba cha Pili

Saa tano usiku, chumba cha seva kina baridi na feni zinavuma. Fundi anaandika amri moja, anabonyeza, na kabla hajavuta pumzi ya pili mfumo umeshamjibu: diski mpya imeonekana, jina lake sdb. Hakuna aliyefungua kasha la seva wala kulegeza skrubu. Diski yenyewe imo kwenye kabati jingine, ghorofa ya chini, na kati yake na seva kuna nyaya za mtandao na swichi mbili. Lakini ukiiuliza Linux, itakuapia kwamba diski hiyo iko tumboni mwake. Itaigawa, itaipangia mfumo wa faili, itaisoma na kuiandikia bila kushuku lolote.

Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi, na hadi leo ule mstari wa jibu ukitokea huwa nasimama kidogo kuutazama. Nyuma yake kuna mabishano ya muda mrefu juu ya jambo moja. Diski ikishatoka ndani ya kompyuta ikahamia kwingine, ni kitu gani hasa kipite kwenye waya? Ni vipande vitupu vya data, seva ijue yenyewe namna ya kuvipanga? Au ni faili kamili, lenye jina lake na mmiliki wake? Kampuni zimezaliwa na kufa juu ya swali hilo, na kila fundi anayeunganisha seva na hifadhi ya mtandaoni hulijibu, hata asipojua kwamba ameulizwa.

Diski ya kwanza kuuzwa ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. IBM ilitangaza RAMAC mwaka 1956, baada ya kazi iliyofanyika San Jose, California, chini ya Reynold Johnson, mtu aliyekuwa mwalimu wa sekondari kabla IBM haijanunua uvumbuzi wake wa mashine ya kusahihisha mitihani. Kabati hilo lilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na kwa ujumla wake likabeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingelijaza. Kwa miaka mingi baada ya hapo diski ilikuwa kiungo cha kompyuta yake kama mkono ulivyo kiungo cha mwili. Kompyuta iliielekeza kwa hatua: peleka kichwa fulani kwenye mzingo fulani, ngoja sekta fulani ipite, soma. Ukileta diski ya umbo jingine ilibidi ubadilishe na vifaa vya kuiendesha, pamoja na programu zake.

Aliyeikata kamba hiyo ni mtu ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Mwaka 1979, kwenye kampuni ya Shugart Associates, Larry Boucher na wenzake walikuwa wakitafuta njia ya kuifanya kompyuta isijali umbo la diski. Walitaka kompyuta iseme tu, "nipe kipande namba 7,000," na kile kifaa chenyewe kijue kipande hicho kiko kwenye sahani ipi na mzingo upi. Waliyoyabuni waliyaita SASI, kwa herufi za jina la kampuni. Kamati ya viwango ya Marekani ilipoichukua kazi hiyo haikutaka kiwango cha taifa kibebe jina la mfanyabiashara, ndipo likazaliwa jina SCSI, ambalo mafundi hulitamka "skazi". Kiwango kilipitishwa mwaka 1986.

Waliofanya kazi na nyaya za SCSI wanazikumbuka vizuri. Utepe mpana wa kijivu, usiozidi mita 6, vifaa vinane kwa jumla ukiihesabu na kompyuta yenyewe, kila kimoja na namba yake kuanzia 0 hadi 7. Mwisho wa utepe ulifungwa kizibo cha kuzuia mawimbi ya umeme yasirudi nyuma. Ukikisahau, diski ilionekana asubuhi ikapotea mchana. Lakini waya haukuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa lugha. Kwa mara ya kwanza kompyuta ndogo iliweza kukiuliza kifaa chochote: wewe ni nani? Una vipande vingapi? Nisomee hiki, niandikie kile. Nacho kikajibu kwa maneno ambayo kompyuta yoyote iliyojifunza lugha hiyo ingeyaelewa. Na lugha hailazimiki kuishia kwenye utepe wa mita 6.

Wakati huohuo, hukohuko California, mtandao ulikuwa unakua. Ethaneti ilibuniwa na Bob Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox mjini Palo Alto, kuanzia mwaka 1973. Mwaka 1982 ikaanzishwa Sun Microsystems, na herufi tatu za jina lake zilitokana na mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikokuwa mwanzilishi mwenza Andy Bechtolsheim alipobuni kompyuta yake. Kompyuta za Sun zilikuja na Ethaneti. Diski zilikuwa ghali mno, basi Sun ikaamua kuuza kompyuta zisizo na diski kabisa. Ukiwasha moja, ilinyoosha mkono kwenye waya na kuuliza: nani ana mfumo wangu?

Jibu la kwanza la Sun liliitwa ND. Seva moja yenye diski kubwa iliikata diski hiyo mapande, na kila kompyuta ikapewa pande lake, vipande vitupu vya data vikisafiri kwenye Ethaneti. Ilifanya kazi, ila ilikuwa kama nyumba ya kupanga iliyojengwa kuta za zege. Pande la mmoja likijaa, la jirani likiwa nusu tupu, hakuna namna ya kuazimana. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kompyuta mbili hazikuweza kuandika kwenye pande moja. Mhasibu na msaidizi wake walioketi meza mbili hawangeweza kuishika taarifa ileile. Ilibidi inakiliwe na kupelekwa, na baada ya siku mbili hakuna aliyejua nakala ipi ndiyo ya kweli.

Mwaka 1984 kikundi kidogo ndani ya Sun kikaligeuza swali. Badala ya kupitisha vipande, wakapitisha faili. Russel Sandberg, David Goldberg, Steve Kleiman, Dan Walsh na Bob Lyon waliieleza kazi yao kwenye mkutano wa USENIX mjini Portland, Oregon, mwaka 1985, na waliiita NFS. Sasa seva ndiyo iliyojua majina, saraka na wenye faili, nazo kompyuta za wateja ziliomba tu: nisomee faili hili, kuanzia hapa, urefu huu. Wateja kumi wangeweza kulitazama faili moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa mpangaji alikuwa mmoja.

Uamuzi wao wa kijasiri ulikuwa kuinyima seva kumbukumbu. Seva ya NFS ya awali haikuweka orodha ya nani amefungua faili gani. Ni kama mwenye duka asiye na daftari la madeni: kila mteja anakuja na maelezo yote ya anachotaka, anahudumiwa, anaondoka, na duka halimkumbuki. Faida yake ilionekana siku umeme ukikatika. Seva ikizima na kuwaka tena haikuwa na cha kurejesha, maana hakukuwa na kilichopotea. Wateja nao waliendelea kurudia ombi lilelile hadi lijibiwe. Kwenye kioo cha mteja ulitokea ujumbe ambao kizazi kizima cha mafundi wa Unix kinaukumbuka, uliosema kwamba seva ya NFS haijibu na kwamba bado inajaribiwa. Programu iliganda. Mtu akaenda kunywa chai. Akirudi anakuta kazi imeendelea pale ilipoishia, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa mizuri kabisa katika historia ya kompyuta, na nasema hivyo nikijua gharama yake. Kwa kuwa seva haikukumbuka lolote, haikuruhusiwa kusema "nimeandika" kabla data haijatua kweli kwenye diski, kwa hiyo kuandika kulikuwa kwa polepole. Ukiomba faili lifutwe, seva ikalifuta, kisha jibu likapotea njiani, mteja angerudia ombi na kuambiwa faili halipo, akadhani ameshindwa na kumbe amefaulu. Na kwenye Unix programu inaruhusiwa kulishika faili hata baada ya kufutwa. Seva isiyojua nani ameshika nini ingelitokomeza mikononi mwa aliyelishika. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kienyeji: mteja alilibadilisha jina kwa siri, likaanza na nukta na herufi nfs, akalifuta baadaye. Mafaili hayo ya ajabu bado yapo hadi leo, na kila mwaka kuna kijana mahali fulani anayeyakuta kwenye saraka yake na kushangaa yametoka wapi.

Kulikuwa na udhaifu mwingine ambao dawa yake ilichelewa. NFS ya awali ilimwamini mteja. Mteja akisema "mimi ni mtumiaji namba 501," seva haikudai ushahidi. Katika jengo la watu wanaofahamiana ilitosha. Nje ya jengo ilikuwa hatari, na uwezo wa kufanya ukaguzi wa kweli wa utambulisho ukawa sharti kwenye toleo la nne peke yake, ambalo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa Desemba 2000.

Sun haikuificha itifaki hiyo. Iliiweka wazi, wapinzani wake wakaitumia, na maelezo yake yakachapishwa kwa wote mwaka 1989. Ulimwengu wa kompyuta za mezani nao ulikuwa na ndugu yake NFS. Barry Feigenbaum wa IBM alibuni SMB miaka ya mwanzo ya 1980, Microsoft ikaikuza, na ndiyo ambayo ofisi nyingi za Windows hutumia kugawana faili hadi leo. Huko Canberra, Australia, Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi alipoanza kuyasikiliza mazungumzo ya seva na wateja kwenye waya ili aandike seva yake mwenyewe, akianzia mwisho wa 1991. Jina aliloipa kwanza lilibidi libadilishwe, basi akaiagiza kompyuta itafute kwenye kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano. Kati ya yaliyotokea akachagua Samba. Shule na ofisi ndogo zisizo na pesa ya leseni zina deni kubwa kwake.

Huku faili zikitamba, Boucher alirudi. Baada ya Shugart alikuwa ameanzisha Adaptec, iliyotengeneza kadi za SCSI. Mwaka 1987 akaanzisha Auspex, kampuni iliyojenga seva kubwa zisizo na kazi nyingine zaidi ya kuhudumia NFS. Mtu aliyekipa kipande cha diski namba yake sasa alikuwa anauza faili. Wawili kati ya wahandisi wake, Dave Hitz na James Lau, waliona kwamba mashine za Auspex zilikuwa kubwa na tata kupita kiasi. Mwaka 1992, pamoja na Michael Malcolm, wakaanzisha Network Appliance, ambayo leo ni NetApp. Walitaka hifadhi iwe chombo cha nyumbani kama kibaniko cha mkate: unachomeka kwenye umeme na mtandao, unakipa anwani, basi. Mfumo wao wa faili haukuandika juu ya data ya zamani. Kila badiliko lilipata mahali papya, na kwa njia hiyo picha ya hali ya jana ilibaki bila gharama kubwa. Mtu akifuta kazi yake kwa bahati mbaya aliingia kwenye saraka ya jana na kuichukua mwenyewe, bila kumsumbua fundi. Auspex ilifilisika mwaka 2003.

Ungedhani basi kwamba faili zilishinda. Wenye hifadhidata hawakukubali. Programu kubwa za benki na za simu hupanga data zenyewe, hujua ipi iandikwe kwanza na ipi isubiri, na mfumo wa faili wa mtu mwingine katikati uliwaletea ucheleweshaji na mashaka. Walitaka vipande vitupu, ila walitaka pia diski nyingi mahali pamoja zigawiwe seva nyingi. Kwao ikatengenezwa Fibre Channel, iliyopata kiwango mwaka 1994: nyuzi za kioo, kilomita hadi 10, na ndani ya nyuzi hizo amri zilezile za SCSI. Mafundi waliozoea utepe wa kijivu waliona maajabu. Lakini ulikuwa mtandao wa peke yake. Ulitaka swichi zake na kadi zake, namba zake za utambulisho na wataalamu wake, na bei yake ilikuwa ya benki. Hospitali ya wilaya au chuo kidogo, iwe Marekani au kwetu, vilibaki kuutazama kwa mbali.

Ndipo wachache wakauliza swali ambalo wengi waliliona la kipuuzi. Mtandao wa kawaida tunao tayari katika kila jengo. Kwa nini amri za SCSI zisipite humo?

Kazi hiyo ilianzia kwenye maabara za IBM za Haifa, Israeli, na Almaden, California, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000, wakiwa pamoja na Cisco, waliipeleka kwenye IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya intaneti. Mhariri mkuu alikuwa Julian Satran wa Haifa, na jina likawa iSCSI. Wapinzani walikuwa na hoja nzito. TCP, itifaki inayosafirisha data ya intaneti, walisema, ilibuniwa kwa barua na kurasa, na diski haivumilii kusubiri. Kila pakiti ingeilemea prosesa. Tena mtandao wa kawaida hudondosha pakiti unaposongamana. Mambo mawili yaliwapa nguvu kina Satran: Ethaneti ya gigabiti moja kwenye nyaya za kawaida za shaba iliidhinishwa mwaka 1999, na prosesa zilikuwa zinaongezeka nguvu kila mwaka bila mtu kuziomba.

Kwa ndani jambo lenyewe ni kama bahasha ndani ya bahasha. Amri ya SCSI, ile "nisomee kipande," huwekwa kwenye bahasha ya iSCSI yenye kichwa cha baiti 48, hiyo ikatiwa ndani ya TCP, nayo TCP ndani ya IP, kisha Ethaneti ikaibeba. Kwa kuwa kikokotoo cha TCP cha kugundua makosa ni dhaifu kwa kazi ya diski, waandishi waliongeza chao cha biti 32 kwa anayekihitaji. Upande unaoomba wakauita mwanzishaji na upande wenye diski wakauita mlengwa, kwa majina yaliyorithiwa kutoka SCSI ya utepe.

Kuna sehemu moja ya kazi yao ninayoipenda kuliko zote, nayo ni majina. Kila mwanzishaji na kila mlengwa alihitaji jina lisilofanana na jingine lolote duniani, bila kuanzisha ofisi mpya ya kuyagawa. Wakatumia majina ya tovuti yaliyokwisha kugawiwa, yakisomwa kinyumenyume. Ila jina la tovuti ni kama kiwanja: leo ni cha huyu, kesho amekiuza kwa yule. Kwa hiyo mbele ya jina wakaweka mwaka na mwezi ambao mwenye kulitoa alikuwa akilimiliki. Ndiyo maana jina la iSCSI huanza na iqn, kisha tarehe, kisha jina. Wanaoanza huiona tarehe hiyo na kudhani ni siku ya kusimikwa kwa mashine. Kumbe ni hati ya umiliki.

IBM iliuza kifaa chake cha kwanza cha iSCSI mwaka 2001, na mwaka 2003 Microsoft ikatoa mwanzishaji wa Windows bila malipo, kabla hata kiwango hakijakamilika. Kilikamilika Aprili 2004, kitabu cha kurasa 257. Kuna walioona kurasa hizo ni nyingi mno. Brantley Coile na kampuni yake ya Coraid walitoa njia yao, iliyoziweka amri za diski za kawaida moja kwa moja kwenye Ethaneti bila IP wala TCP, na maelezo yake yalitosha kurasa 12. Linux iliipokea mwaka 2005. Ni kazi safi, na kwenye chumba kimoja inatosha. Lakini bila IP haivuki kwenda mtandao mwingine, na wanunuzi walimfuata yule mwenye kitabu kinene.

Kwa sisi tusio na bajeti za benki, mlango ulifunguliwa na watu wa programu huria. Mwanzishaji wa Linux aliingia kwenye kiini cha mfumo mwaka 2005. Mwaka huohuo Olivier Cochard-Labbé akaanzisha FreeNAS, na kompyuta iliyochoka ikaweza kugeuzwa kuwa hifadhi ya ofisi nzima. Upande wa mlengwa ulitulia mwaka 2011, Linux ilipoiingiza LIO, programu ya mlengwa, kwenye kiini chake.

Turudi sasa kwa yule fundi wa saa tano usiku. Kwanza ameitengea hifadhi njia yake ya mtandao, kadi ya pili ya seva na anwani zake, ili watu wakipakua video isiwe diski ndiyo inayosongwa. Kisha ameita kwenye anwani ya hifadhi, mlango namba 3260, akiuliza: una walengwa gani? Imemrudishia jina lenye iqn. Ameweka nenosiri, maana hifadhi isiyouliza nenosiri itajigawa kwa yeyote aliye kwenye waya. Ameingia. Hapo ndipo sdb ilipotokea.

Kilichobaki kinaonekana kidogo. Ameipangia mfumo wa faili, ameipachika kwenye saraka, ameandika mstari wake kwenye faili la fstab ili ipachikwe yenyewe kila seva ikiwaka. Ndani ya mstari huo kuna neno moja, _netdev, ambalo wengi hulisahau. Linauambia mfumo kwamba diski hii haiko hapa, subiri mtandao uamke kwanza. Ukiliacha, leo kila kitu kitakwenda sawa. Miezi minne baadaye umeme utakatika, seva itawaka, itaitafuta diski kabla kadi ya mtandao haijapata anwani, na itasimama njiani ikiwa gizani, Jumapili, na wewe uko harusini.

Lipo kosa baya kuliko hilo, na nililishuhudia kwa macho yangu, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Walikuwa na diski moja ya iSCSI kwenye seva ya kwanza. Seva ya pili ilipokuja, fundi aliona urahisi: aiunganishe na mlengwa yuleyule, seva zote mbili zigawane faili. Ilikubali. Seva zote mbili zilionyesha saraka zilezile, na watu walifurahi kwa muda wa siku tatu hivi. Siku ya nne majina ya faili yalianza kuwa na herufi zisizosomeka, saraka moja ikatoweka, kisha mfumo wa faili ukakataa kupachikwa. Kila seva ilikuwa imeamini kwamba diski ni yake peke yake. Kila moja iliweka kichwani mwake ramani ya vipande vilivyo wazi, ikaandika humo, bila habari kwamba mwenziwe alishaandika papo hapo. Tulifanya kazi usiku na mchana tukaokoa sehemu tu. Mama mmoja wa masjala alikaa kimya akitazama orodha ya yaliyopona, kidole kikishuka mstari baada ya mstari, akitafuta mwaka wake wa kazi.

Lilikuwa kosa lilelile ambalo kikundi cha Sun kililiona mwaka 1984 kwenye ND. Vipande havijui kugawana. Ukitaka wawili waandike pamoja, tumia NFS au SMB, ambako mpangaji ni mmoja, au tafuta mfumo wa faili uliotengenezwa kwa ajili ya seva nyingi, kama GFS2 na OCFS2 za Linux au VMFS ya VMware, ambamo kila mmoja hufunga mlango kabla ya kuandika. Ningeomba kila mwalimu wa kompyuta aanze somo la hifadhi hapo, kabla ya amri yoyote.

Agosti 2008 Amazon ilianza kukodisha diski za mtandao, na diski ikahama mbali zaidi, hadi majengo ambayo mtumiaji hatayaona. Tarehe 21 Aprili 2011 mashariki mwa Marekani, badiliko lililokosewa la mtandao wa Amazon liliielekeza kazi ya hifadhi kwenye njia nyembamba. Mashine za hifadhi zikapoteza mawasiliano na nakala zao, na njia ilipofunguliwa zote zikaanza kwa pamoja kutafuta nafasi ya kutengeneza nakala mpya. Nafasi ikaisha, zikaendelea kuitafuta bila kukoma, na tovuti nyingi kubwa zikalala kwa saa nyingi. Waya ndio uliobeba diski, na waya ulipokosewa diski zikakosekana.

Mwaka 2016 kikatoka kiwango kingine, NVMe kwa njia ya mtandao, kwa ajili ya diski zisizo na sahani wala kichwa. Lugha ya Boucher imeachwa humo na nyingine fupi ikachukua nafasi yake. Vipande bado vina namba.

Fundi wetu hajaenda kulala. Kabla ya kuikabidhi seva anataka kuona jambo moja. Anaanzisha kazi ya kunakili faili kubwa kwenda sdb, asilimia zinapanda, kisha anainama nyuma ya kabati na kuchomoa waya. Asilimia zinasimama. Hakuna kosa linaloandikwa, programu imeganda tu. Linux imepewa sekunde 120 za kuvumilia kabla ya kuiambia programu kwamba diski imekufa. Anahesabu kwa sauti ya chini. Kwenye arubaini anachomeka waya, taa ya kijani inapepesa, sekunde kadhaa zinapita bila kitu, kisha asilimia zinaendelea kupanda.